Uchache wa Fedha si Uchache wa Akili

Wako watu, na wengi wao ni wasomi, wasemao ya kuwa sinema iliyotengenezwa kwa fedha chache haifai kitu. Na ikiwa ni sinema ya kutisha, basi ni upuuzi mtupu. Mimi nayakataa maneno hayo, na shahidi wangu ni The Quatermass Xperiment, iliyotolewa na kampuni ya Hammer huko Uingereza mwaka 1955 kwa pauni 42,000 hivi.

Habari yake ni hii. Watu watatu walirushwa angani katika roketi. Chombo kiliporudi na kuanguka shambani, alionekana mmoja tu, Carroon. Mavazi ya wenziwe yalikuwa matupu. Naye kidogo kidogo mwili wake ukageuka, hata asiwe mtu tena.

Je, kinachotisha ni nini? Si dubwana la mwishoni, maana hilo kwa kweli ni hafifu. Kinachotisha ni uso wa Richard Wordsworth, aliyemwigiza Carroon karibu bila kutamka neno. Mtoto wa kike amkaribisha katika mchezo wake. Naye ashindana na nafsi yake asimdhuru, avunja mwanasesere, akimbia. Hapo twaona utu ungali hai ndani yake, nao wateseka. Uso huo haukuhitaji mali nyingi. Zipo sinema za mamilioni zilizo kama mkakasi: uzuri nje, ndani kipande cha mti.

Walakini kosa lipo, wala si la umaskini. Katika mchezo wa kwanza wa Nigel Kneale, ulioonyeshwa na BBC katika televisheni mwaka 1953, Profesa Quatermass aliingia katika kanisa la Westminster Abbey, akawasihi wale watatu waliomezwa na dubwana waukumbuke utu wao. Nao wakalishinda, likafa. Katika sinema neno limeondolewa, umeme umewekwa mahali pake. Dubwana lateketezwa, na profesa aenda zake kutayarisha roketi nyingine, bila majuto. Kneale mwenyewe hakupendezwa na profesa huyo aliyeigizwa na Brian Donlevy.

Basi mtu asisingizie ufukara. Kusihi kwa maneno kungalikuwa rahisi kuliko kuchoma kwa umeme. Ninyi mpimao kazi kwa mfuko, pimeni tena: palipo na uso wa mtu, sinema hii ni tajiri; palipokosekana huruma, hapo ndipo ilipofukarika.