Kipimo cha Mto ni Haki ya Bonde

Mto hauna siri. Hupanda mbele ya macho na kushuka mbele ya macho, na kila mti wa ukingoni ni shahidi wa kimo chake. Ikiwa watu wa bondeni hushtukizwa na maji usiku wakiwa wamelala, kosa lisitafutwe kwa mto. Litafutwe katika njia ndefu iliyo baina ya mtu aupimaye mto na mtu alimaye kando yake.

Rufiji ni mto mkubwa kupita yote ya Tanzania. Maji yake hukusanyika kutoka eneo lipatalo kilometa za mraba 177,000, yakiletwa na Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu. Mvua inyeshayo katika nyanda za Mbeya au milima ya Udzungwa haikosi kuteremka kuelekea Utete na Ikwiriri. Kwa hiyo mkulima wa chini aweza kuona anga jeupe juu ya shamba lake, na huku gharika yake imekwisha kuanza safari. Mawingu ya kwao hayamwambii neno. Awezaye kumwambia ni mtu aliyekiona kipimo cha juu ya mto, na muda ambao maji hutumia njiani ndio muda wote wa kuokoa mtoto, mbuzi na gunia la mpunga.

Kipimo chenyewe si muujiza. Ni ubao uliosimikwa ukingoni, wenye alama za mita na sentimita, ambao mtu huusoma kila siku na kuandika alichokiona. Wataalamu hupima pia kasi ya maji na upana wa mto, wakapata kujua kimo fulani ni sawa na maji kiasi gani kwa sekunde. Hesabu hiyo yapasa irudiwe mara kwa mara, kwa maana mchanga wa Rufiji huhama, na sakafu ya mto ya mwaka jana siyo ya mwaka huu. Hiyo ni kazi ya elimu. Lakini kusoma alama za ubao hakutaki zaidi ya macho, kalamu na uaminifu.

Wako wasemao kwamba dawa ya mafuriko ni kuwaondoa watu bondeni. Dawa hiyo imekwisha kunywewa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji ikawaweka katika vijiji vya mahali palipoinuka. Nyumba zilihama, mashamba hayakuhama. Rutuba ilibaki chini, palipoachwa tope na mto, na kilimo cha mlau, kile kifuatacho maji yanapopwa, kilibaki huko huko. Watu wakarudi kulima, na wengi wakajenga madungu ili walinde mazao yao. Kuwaita watu hao wakaidi ni kusahau kwamba mlima hauwapi mpunga. Mto uwanyweshao ndio uwazamishao, na mtu hawezi kuamriwa kuuacha mkono umlishao kwa sababu mara moja katika miaka kadhaa humpiga.

Wako wengine wasemao kwamba bwawa limemaliza maneno. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Lina uwezo wa kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30, na mitambo yake tisa imekusudiwa kutoa megawati 2,115. Ni kazi kubwa, na hapana mwenye akili atakayeidharau. Lakini bwawa halifuti mafuriko. Hufuta yale madogo na ya kadiri, na kuyaacha yale makubwa yaje kwa watu waliokwisha kusahau. Kila mwaka upitao bila maji huwavuta watu hatua moja chini zaidi. Tena mto sasa una bawabu: kimo chake hutegemea mvua, na hutegemea pia mkono ufunguao milango. Bonde lenye bwawa lahitaji kipimo kuliko bonde lisilo nalo.

Aprili 2024 ilithibitisha jambo hili. Mafuriko yaliingia wilaya za Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba na kuwatoa watu majumbani. Wapo wakazi waliolilaumu bwawa. Serikali ilijibu kwamba chanzo kilikuwa mvua kubwa, na kwamba bwawa lilipunguza madhara. Yamkini jibu hilo ni kweli tupu. Lakini mtu aliyesimama ndani ya maji hadi kiunoni atalipimaje? Kama angaliona kila siku, kwa lugha yake, maji yaliyoingia bwawani na maji yaliyotoka, asingelihitaji kuamini wala kukanusha, angalihesabu. Pasipo kipimo mbele ya watu, ukweli na uvumi huvaa kanzu moja, na serikali yenye haki hushukiwa sawa na yenye kosa.

Husemwa tena kwamba tarakimu zikitangazwa zitaleta hofu. Hofu hailetwi na tarakimu. Huletwa na kimya. Husemwa kwamba mwanakijiji hawezi kuaminiwa na daftari. Mvuvi wa maziwa ya Zumbi na Ruwe husoma maji kila alfajiri, na akikosea hulala njaa; ni karani gani aliye na sababu kubwa zaidi ya kusema kweli? Husemwa mwisho kwamba mitambo ya kisasa hupima yenyewe na kupeleka habari kwa simu. Na iwekwe. Lakini betri hufa, nyaya huibwa, na tarakimu ifikayo ofisini bila kufika shambani haijamwonya mtu.

Kosa hili ni la zamani. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walilichunguza bonde hili, na taarifa yao ikatolewa 1961, kwa Kiingereza. Bonde lilisomwa, bonde halikusomewa. Tangu hapo wasomi wengi wamepita Rufiji na madaftari yao, na kwa wengi mtu wa Rufiji amekuwa wa kuulizwa, si wa kujibiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walakini wajuao kunguni ndio wasiopewa taa.

Kinachodaiwa ni kidogo. Kila kijiji cha bondeni kiwe na ubao wake, na msomaji wake alipwe ujira, maana kazi ya bure husomwa siku za jua tu. Alama za hatari ziwekwe na wanakijiji wenyewe, kwa majina ya mashamba wanayoyajua, ili mita na sentimita zigeuke kuwa neno: leo maji yatafika kwa fulani. Habari za mto wa juu na za milango ya bwawa zisomwe kila siku msikitini, sokoni na redioni, wakati wa maji mengi na wakati wa maji machache pia, kwa sababu ziwa lisilojazwa huua samaki kama gharika iuavyo mahindi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kabla hayajamwagika hupimika, na kipimo kijulikanacho na mpimaji peke yake hakijamwokoa mtu.