TUDAI HESABU, TUSIRIDHIKE NA UVUMI



Tangu mwaka 2017 inarudiwa kwamba Sri Lanka ilishindwa kulipa deni, na China ikainyang'anya bandari ya Hambantota. Wanaotangaza hivyo na watuonyeshe hesabu. Hawawezi, kwa maana hesabu zasema mengine.

Bandari hiyo ilifunguliwa mwaka 2010. Awamu ya kwanza iligharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 307 kutoka Benki ya Exim ya China, kwa riba ya asilimia 6.3. Meli hazikuja: mwaka 2012 zilifika 34 tu, hali Colombo ilipokea zaidi ya 3,600. Hasara ilikuwa ya kweli, na viongozi walioijenga bila kupima mahitaji hawana pa kujificha.

Lakini mwaka 2017 bandari haikunyakuliwa. Ilikodishwa kwa miaka 99 kwa kampuni ya China Merchants, kwa dola bilioni 1.12. Fedha hizo hazikufuta mikopo ya ujenzi. Ziliongeza akiba ya fedha za kigeni, na mikopo ikabaki mabegani mwa wananchi. Nchi iliposhindwa kulipa madeni ya nje mwaka 2022, miongoni mwa wadai wake wakubwa walikuwamo walionunua hatifungani zake katika masoko ya kimataifa, wala si China peke yake.

Je, kusema hivyo ni kuwatetea wakopeshaji? La hasha! Anayemlaumu mgeni peke yake humwachilia huru kiongozi aliyetia sahihi. Tena Amri ya Nane yakataza ushahidi wa uongo, hata juu ya taifa la mbali.

Jambo hili latuhusu sisi Wakenya. Mwishoni mwa mwaka 2018 ilivuma kwamba bandari ya Mombasa imewekwa rehani kwa mkopo wa reli. Serikali ilikana, lakini mikataba ikabaki sirini. Sehemu tu zilitolewa Novemba 2022. Raia aliyenyimwa hati atawezaje kutenganisha kweli na uzushi? Mwenye kuficha mkataba ndiye mzazi wa uvumi anaoulalamikia.

Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Viongozi wa walei, itumieni. Kila mkopo utajwapo katika Jumuiya zenu, ulizeni: Nani alikopa? Kwa masharti gani? Nani atalipa? Asiyejibu kwa hati, asiaminiwe, awe mpinzani au waziri.