Siku ya Sindano Ilipwe



Mwenzetu akihema kwa kubeba gunia moja, au akishindwa kumaliza mstari wake shambani, mnyapara humwita mvivu. Sisi wa Arua na Koboko tunasema: kwanza apimwe moyo.

Wengi wenye ugonjwa huu waliuanza utotoni kwa maumivu ya koo. Koo lisipotibiwa laweza kuleta homa ya rumatiki, na homa hiyo ikirudi mara kwa mara huharibu vali, yaani milango ya moyo. Mlango ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto hushikana na kuwa mwembamba. Damu hukwama, mapafu hujaa maji, pumzi hukatika. Mwanamke akiwa na mimba, hatari huzidi.

Tangu 1982, alipoanza Kanji Inoue, daktari wa Japani, mlango huo waweza kupanuliwa bila kupasua kifua. Mpira mwembamba hupitishwa katika mshipa wa kinena mpaka moyoni, kisha puto lililo kwenye ncha yake hujazwa. Kazi hiyo hufanyika nchini mwetu, katika Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Lakini kutoka Arua ni karibu kilomita 500, na Koboko ni mbali zaidi. Tena puto halimfai kila mgonjwa: vali iliyokakamaa kama chokaa, au inayovuja sana, huhitaji upasuaji.

Basi tusingoje puto. Utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda na kutangazwa 2021 ulihusu watoto wenye dalili za mwanzo. Waliochomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, 3 tu kati ya 399 walizidiwa. Wasiochomwa, walizidiwa 33 kati ya 400.

Sindano hiyo si ghali. Ghali ni siku. Mzazi anayekatwa ujira kila ampelekapo mtoto zahanati, mwisho atachagua posho ya watoto, na sindano itasahauliwa.

Kwa hiyo tunadai mapatano ya kazi yaseme waziwazi: siku ya sindano ilipwe, kwa mfanyakazi na kwa mzazi, na anayetumwa Mulago apewe nauli na asipoteze kazi yake. Kila tawi lilijadili jambo hili katika mkutano wake ujao. Moyo wa mfanyakazi ndio mtambo wa kwanza wa kiwanda. Mwajiri atunzaye mashine zake, autunze na huo.