Gari la Marehemu Uani: Chuma Chakavu au Mirathi?



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), wiki hii twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, na hasa akina mama, juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanaume na mafundi wa gereji. Nalo ni lile gari kuukuu lililolala uani, chini ya mwembe, tangu mwenyewe alipokuwa hai. Katika miji yetu, kuanzia Mambrui na Malindi hadi Kilifi na Takaungu, si ajabu kulikuta. Magurudumu yamekwisha upepo, bati limeliwa na hewa ya chumvi, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma.

Mwenyewe akifariki, gari hilo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuondoka. Vijana husema lawazibia njia. Mjane yu ndani ya eda yake, hawezi kutoka kubishana na wanunuzi. Mabinti walioolewa mbali hawana habari. Anafika mtu na gari la kukokota, anatoa noti chache, anashukuriwa kwa kusafisha uani, naye anakwenda zake. Swali letu ni hili: je, kilichochukuliwa kilikuwa takataka, au kilikuwa mali ya warithi?

Jawabu si moja kwa magari yote. Magari mengi makuukuu hayana thamani kubwa, na mtu asijenge ndoto juu ya kila bodi iliyooza. Lakini yako machache ambayo bei yake imepanda sana, nayo ni yale ya mbio za zamani. Nchi yetu ina historia nayo. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilihesabiwa miongoni mwa mbio ngumu kabisa duniani. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Datsun 240Z, gari dogo la milango miwili lenye pua ndefu, ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Ford Escort ilishinda mwaka 1972, na Peugeot 504 mwaka 1975. Wazee wetu waliyaona magari hayo kwa macho yao, na baadhi yao wakanunua ya namna hiyo kwa matumizi ya nyumbani.

Sasa tazama yaliyotokea baadaye. Datsun 240Z ilipokuwa mpya, mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliuzwa Marekani kwa kiasi cha dola 3,500. Mwezi wa Januari 2020, moja ya mwaka 1971 iliyotunzwa vizuri mno iliuzwa huko huko kwa mnada kwa dola 310,000. Na juu kabisa ya ngazi hiyo, Mercedes-Benz moja ya mbio ya mwaka 1955, ambayo zilitengenezwa mbili tu, iliuzwa mwezi wa Mei 2022 kwa yuro milioni 135. Hizo ni bei za vitu adimu kabisa, wala mtu asizipachike kwenye gari la babake. Lakini zatuonyesha upepo unakovuma.

Sababu za kupanda huku si siri. Magari hayo hayatengenezwi tena, na kila mwaka mengine huoza au hukatwakatwa. Waliokuwa watoto walipoyatamani sasa ni watu wazima wenye fedha. Hapa kwetu, tangu mwaka 2003 pamekuwa na mbio maalumu za Safari kwa magari ya kale, na mara kadhaa zimeanzia au kuishia Mombasa. Washiriki wake wahitaji bodi, injini, hata vipuri vidogo vya wakati ule. Tena kanuni ya nchi kwa kawaida hairuhusu kuagiza kutoka nje gari lililopita miaka 8, kwa hiyo la kale lililokwishafika lina ubora wake wa kuwa tayari limo nchini.

Hapa ndipo sheria yetu inapoingia. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuilaki misafara ya bidhaa kabla haijafika sokoni. Hekima yake i wazi: yule wa msafara hajui bei ya mjini, na anayemlaki anaijua, basi humnunulia kwa bei ya ujinga wake. Na imekuja katika mafundisho yake kwamba muuzaji akifika sokoni akajua, ana hiari. Basi mtu anayeingia uani kwa mjane aliyefiwa juzi, naye ajua nambari ya gari lile yamaanisha nini, hali mjane hajui, ana tofauti gani na yule aliyeulaki msafara njiani?

Tena liko kubwa zaidi. Gari la marehemu, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, ni mali ya warithi wote kwa mafungu yao. Qur'ani imewapa wanawake fungu lao, mali iwe haba au nyingi. Kijana mmoja hana haki ya kuuza hisa ya mamake wala ya dada zake bila idhini yao. Na wakiwamo mayatima, msimamizi wao hana ruhusa ya kuuza mali yao ila kwa maslahi yao na kwa bei ya haki.

Tuchukue mfano wa hesabu. Marehemu ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Gari likiuzwa kwa kilo, tuseme shilingi 24,000, mke hupata thumni, yaani 3,000. Zinazobaki 21,000 hugawanywa mafungu sita: kila mwana wa kiume 7,000 na kila binti 3,500. Lakini iwapo gari lile lile, katika hali yake ile ile ya uchakavu, lingepata 240,000 kwa mjuzi, mke angepata 30,000, kila mwana 70,000 na kila binti 35,000. Tofauti hiyo ni karo ya mtoto, au cherehani ya kuanzia kazi. Anayesema "ni chuma tu" amesema kwa niaba ya watu wengine, bila wao kumtuma.

Hata hivyo, akina mama, msikimbilie upande wa pili. Kuna wanaosikia habari za bei wakasema: tulitengeneze kwanza, tuuze ghali. Hapo ndipo fedha za familia zinapozama. Kulirudisha gari la kale katika hali yake si kupaka rangi. Hufunguliwa lote, kila kitu kikawekwa alama. Rangi ya zamani hutolewa mpaka bati lionekane, na bati lililooza hukatwa na kuunganishwa jipya kwa kuchomelea. Hapa pwani kutu hujificha chini ya zulia la sakafu na ndani ya mihimili ya chini ya milango. Magari kama ile Datsun hayana fremu ya peke yake, bodi ndiyo mifupa yake, hivyo sakafu ikioza nguvu ya gari zima imeondoka. Kisha waja injini na kabureta, nyaya, mipira ya vioo, viti, na vile vyuma vya kung'aa. Spea zisizopatikana huagizwa ng'ambo, zikalipiwa usafiri na ushuru. Na ujira wa fundi huhesabiwa kwa miezi, si kwa siku.

Turudi kwenye mfano wetu. Gari lingeuzwa 240,000 kama lilivyo. Warithi wakatumia 900,000 kulitengeneza, kisha wakalipata mnunuzi wa 960,000. Bei imepanda mara nne, na majirani wamestaajabu. Lakini kilichobaki mkononi ni 60,000, nacho ni kidogo kuliko kile walichokikataa mwanzo. Na iwapo 900,000 hizo zilikopwa kwa riba, hasara imezidiwa na dhambi. Wala bei za vitu hivi hazipandi milele. Ferrari zilipaa sana mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha zikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na walionunua kileleni wakajuta.

Pengine mrithi mmoja atasema: nitalitengeneza mimi kwa fedha yangu. Ni jambo jema, lakini liandikwe kabla ya bisibisi ya kwanza. Je, anawanunulia wenzake hisa zao? Au wanashirikiana, na gharama zitatolewa kwanza ndipo faida igawanywe? Mwenye kutumia fedha yake kwenye mali ya shirika bila idhini ya wenzake, katika madhehebu yetu ya Shafi huhesabiwa kuwa amejitolea, hana haki ya kudai. Kaka na dada wengi wameacha kuzuriana kwa sababu ya maneno ambayo karatasi moja ingeyamaliza.

Basi yapasa kufanya nini? Kwanza, gari lisiondoke uani kabla warithi wote hawajajulishwa, na mjane awe wa kwanza kuulizwa. Pili, litafuteni na kulihifadhi kadi la umiliki, risiti za zamani na picha, na mziandike nambari ya chesi na ya injini. Gari ambalo injini yake ndiyo ile iliyotoka nayo kiwandani huwa na thamani kuliko lililobadilishwa. Tatu, litathminiwe na wajuzi wawili au watatu wasiotaka kulinunua wao wenyewe. Chama cha Magari cha Kenya, AA, hufanya kazi ya kutathmini. Muulize bei mbili: kama lilivyo, na likitengenezwa, pamoja na makadirio ya gharama. Nne, mkihitilafiana, Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili ya mirathi, na mwanamke ana haki ya kusimama mbele yake kama mwanamume. Tano, maadamu hamjaamua, liinueni kwenye matofali lisikae udongoni, mlioshe kwa maji yasiyo chumvi, na mlifunike kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Nailoni hufungia unyevu ndani, kutu ikanawiri.

Neno la mwisho ni kwa wanunuzi na wafanya biashara, ndugu zetu. Anayenunua magari haya ili auze akumbuke kwamba ni mali ya biashara, na ina zaka kila mwaka kwa bei ya soko. Na kuhusu bei ya kununulia, imepokewa habari ya sahaba Jarir bin Abdillah (R.A.). Alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona, akamwambia mwenyewe kwamba farasi wake ana thamani zaidi, akawa anampandishia mwenyewe bei mpaka ikafika 800. Alipoulizwa, alijibu kwamba alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Farasi wa mbio ndio waliokuwa magari ya mbio ya zama zile, na mtihani ni ule ule.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape waliobaki uadilifu katika walichoachiwa, kiwe kidogo au kikubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wallahu aalam.