Mbwa, Hifadhi na Mgawanyo wa Wajibu

Mwaka 1994 simba wapatao 1,000 walikufa katika ikolojia ya Serengeti, takriban thuluthi moja ya simba wote wa eneo hilo. Kilichowaua ni virusi vya distempa, maradhi ambayo watafiti wa wakati huo waliyahusisha na mbwa wa kufugwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Baada ya msiba ule, ni vigumu kumsikiliza mtu anayedai kwamba mbwa wake hana madhara porini kwa sababu tu ni mpole nyumbani.

Je, wajibu wa mbwa katika ardhi iliyohifadhiwa ni wa nani? Wengi wetu hujibu upesi: ni wa mwenye mbwa. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi.

Tuwatazame kwanza wakazi wa mijini. Katika Msitu wa Karura, jijini Nairobi, mbwa huruhusiwa kuingia mradi wafungwe kamba. Msitu huo ulinusurika kunyakuliwa kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 wakiutetea. Anayemfungua mbwa wake humo kwa kuwa hamwoni askari anaitumia mali ya umma kana kwamba ni ua wa nyumbani kwake. Pongo anayekimbizwa hupoteza malisho na nguvu, hata asipong'atwa. Kwa mtu huyu sharti ni jepesi: achanje, afunge kamba, aokote kinyesi.

Mfugaji wa pembezoni mwa Serengeti yuko katika hali nyingine kabisa. Mbwa wake ni mlinzi wa zizi dhidi ya fisi na chui. Kumwamuru amfunge kamba usiku ni kumwamuru apoteze mbuzi. Kinachoweza kumlinda simba hapo ni chanjo, na chanjo ina gharama. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili kukata mnyororo wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huua watu pia, hasa watoto wa vijijini. Hata hivyo, kwa miaka mingi chanjo kuzunguka Serengeti imetegemea sana miradi ya utafiti na fedha za wafadhili.

Hapa ndipo dola inapopaswa kuulizwa. Simba huleta watalii, na watalii huleta fedha za kigeni. Si haki faida hiyo iende hazina ya taifa huku gharama ya kumlinda simba ikiachwa kwa mwenye mbuzi kumi. Ndugu zangu watumishi wa halmashauri, bajeti ya chanjo ya mbwa iandikwe kama sehemu ya uhifadhi, kila mwaka, bila kumngoja mfadhili. Tukifanya hivyo, tutakuwa na uhalali wa kumdai mfugaji naye atimize wake.