Kupunguziwa Saa za Kazi Kabla ya Kustaafu: Hisani au Dhulma?



Kwa miaka kadhaa sasa mjadala wa wastaafu nchini mwetu umekuwa ni wa kikokotoo: mstaafu apewe asilimia ngapi kwa mkupuo, na abakiwe na kiasi gani cha kila mwezi. Ni mjadala wa haki. Lakini maswali yanayotufikia baada ya darsa ni ya kabla ya hapo, yaani ile miaka kati ya 55, ambapo mtu anaweza kustaafu kwa hiari, na 60, ambapo analazimika.

Ndugu mmoja mwenye miaka 57 ni mtunza stoo katika hoteli huku shamba. Magoti hayamchukui tena. Msimamizi wake kamwambia: "Mzee wangu, wewe ukishaswali Adhuhuri nenda zako nyumbani, vijana watakusainia daftari." Mshahara haukatwi hata senti. Anauliza: ni halali?

Jawabu letu ni kuwa kwa njia hii si halali, japo nia ya msimamizi ni njema. Mafakihi wanamwita mfanyakazi wa namna hii ajiri khaswi: kinachouzwa ni muda wake, ukiondoa muda wa swala na mahitaji ya lazima. Muda huo kaununua mwenye hoteli. Msimamizi hana mamlaka ya kugawa mali isiyokuwa yake, na ile saini ni ushahidi wa uongo juu ya vijana. Mwenye kuchukua ujira kamili kwa kazi pungufu aogope onyo la Suratul Mutwaffifin. Na serikalini jambo ni zito zaidi, kwani mali ile ni ya umma, na mkuu wa idara naye ni mwangalizi tu.

Lakini je, mzee huyu afe na stoo? La. Njia ya wazi ipo, na Qur-aan imetuonesha mfano wake. Katika Suratul Qaswas, aya ya 27, mzee wa Madyan alipatana na Nabii Musa ('alayhis salaam) kazi ya miaka minane, na kutimiza kumi ikawa ni hiari ya Musa. Akamwambia kuwa hataki kumtia mashakani. Tazama: muda umetajwa, la lazima limetengwa na la hisani, na mwajiri ndiye aliyeanza kuonesha huruma. Mkataba uliofungwa kwa ridhaa ya wawili hubadilishwa kwa ridhaa ya wawili.

Kwa hivyo tunawashauri wenye hali hii mambo manne.

Kwanza, jueni hesabu kabla ya kufungua mdomo. Mchango wa hifadhi ya jamii ni asilimia ya mshahara. Mshahara ukipungua, na mchango unapungua. Kwa kanuni za Bara za mwaka 2018, pensheni hupigwa kwa wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. ZSSF ina sheria yake, basi asichukue mtu hesabu ya Bara akaitumia Unguja. Nendeni mfukoni mwenu, mpewe jibu la maandishi.

Pili, nendeni na pendekezo, si malalamiko. Semeni: nitakuja saa ngapi, nitaondoka saa ngapi, kazi ipi nitamfundisha kijana, na ujira upungue kiasi gani. Mwenye mali mwenyewe akisema mshahara ubaki vile vile, hiyo ni hisani yake na ni halali kuipokea. Akikataa, hajadhulumu, maana mliloomba halikuwamo katika mkataba.

Tatu, andikeni. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandika deni, na hili nalo linahitaji maandishi ili pasiwe na shaka. Sheria ya Ajira ya Bara ya mwaka 2004 nayo inamtaka mwajiri abadilishe maandishi ya ajira kwa kushauriana na mfanyakazi pale masharti yanapobadilika. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005. Aliye Unguja au Pemba aisome hiyo. Likizo, matibabu na mafao vyote vitajwe.

Nne, shaurianeni na wake zenu na watoto, kisha mswali istikhara. Mshahara ukipungua, chungu cha nyumbani ndicho cha kwanza kujua.

Na kwa waajiri tunasema: Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amekataza kuwabebesha walio chini yetu wasiyoyaweza, na akaamrisha tukiwabebesha tuwasaidie. Mzee akija kuomba saa chache, msilifanye ombi lake kuwa mlango wa kumtoa bila haki zake. Nguvu zake mlizila alipokuwa kijana.

Ndugu yetu wa stoo tumemwambia aache daftari la kusainiwa leo hii, na amwendee mwenye hoteli mwenyewe. Kazi ya nusu siku kwa ujira wa nusu siku ni riziki safi, nayo ina baraka kuliko nzima yenye shaka.

Na Allaah Anajua zaidi.