HOFU YA MWISHO WA MWEZI

Ndugu wafanya kazi,

Mwenzetu mmoja akisema leo kwamba anaacha kazi ya mshahara aende kuuza omena Sindo, au mitumba Rongo, au mahindi mpakani Isebania, kesho ofisi nzima itamjia. "Ndugu, umerogwa?" "Watoto wako shuleni, karo utatoa wapi?" Na yule asiyesema neno hutikisa kichwa tu, kama mtu aliye matangani.

Wako wakubwa wanaosema kwamba huo ni uoga. Husimama jukwaani wakawaambia vijana: jiajirini, acheni kupenda ofisi. Wengi wao wenyewe hula mshahara wa Serikali mwezi kwa mwezi. Sisi twasema hofu hii si uoga. Ina hesabu yake, na hesabu hiyo ni ya kweli.

Tazameni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanya kazi siku 21 za likizo kila mwaka kwa mshahara kamili. Akiugua, hupata siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara. Mama akijifungua ana miezi 3. Katika NSSF, mwajiri hutia fedha sawa na zile anazokatwa mfanya kazi.

Je, mama wa omena ana nini? Akiugua siku 7, meza yake hukaa tupu siku 7, na mtaji huliwa na dawa. Mvua ikimkuta omena zimeanikwa, zile zilizokuwa chakula cha watu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hana mwajiri wa kugawana naye hasara hiyo. Hata katika bima mpya ya afya iliyoanza Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa shilingi 2.75 katika kila 100, kidogo kidogo kila mwezi. Mchuuzi hukadiriwa mapato yake na kutakiwa alipe ya mwaka mzima.

Tena, mshahara wa mtu mmoja kwetu si wake peke yake. Karo ya mdogo wake, dawa ya mama kijijini, mchango wa matanga, vyote vyangoja tarehe ile ile. Akianguka, huanguka na nyumba tatu. Basi rafiki zake wakimzuia, msiwaite wajinga.

Lakini ndugu, hapa ndipo ugomvi wetu unapoanza. Hofu ni haki. Dharau si haki. Yule karani anayemcheka mchuuzi, ndiye aliyechukua omena na sukari kwa deni tangu tarehe 10, na mwisho wa mwezi akapita njia ya nyuma ya soko. Asema biashara haina fedha ya hakika. Kweli! Fedha hiyo imo mfukoni mwake.

Na mshahara nao, nani alimwambia kwamba ni mwamba? Waulizeni wenzetu wa Awendo. Mwaka 2025 Serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma, cha Awendo kikiwamo, kwa kampuni za watu binafsi kwa miaka 30, nao wafanya kazi wakiwa bado wanadai malimbikizo ya mishahara yao. Mshahara ukikawia kiwandani, mwenye duka, fundi cherehani na mama wa mboga hukawia kula siku ile ile. Mkoba wetu ni mmoja, ingawa mikono ni miwili.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa mwalimu Maseno. Mwaka 1947 alianzisha kampuni ya biashara, Luo Thrift and Trading Corporation. Hakwenda peke yake: mtaji ulikusanywa kwa hisa za watu wadogo, na wenye mishahara walikuwamo. Aliacha chaki, lakini nyuma yake palikuwa na watu.

Hapo ndipo siri ilipo. Kinachotisha si biashara. Kinachotisha ni kwamba mtu akitoka kazini hutoka uchi, akaziacha mlangoni likizo, ugonjwa, uzee na chama chake. Wengine watasema, "Chama hiki ni cha wenye mishahara tu." Nasi twawauliza: yule aliyepunguzwa kazi mwaka jana, ambaye leo anauza viazi Oyugis, alikuwa ndugu yetu hata lini? Hata siku ile alipokabidhi funguo?

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama alipe deni lake la sokoni siku apatapo mshahara, kabla ya kupita baa. Pili, ushirika wetu wa akiba na mikopo usimfunge mwenzetu kwa kuwa ameacha kazi. Aendelee kuweka na kukopa kama sisi. Tatu, wachuuzi wana umoja wao, KENASVIT. Tuketi nao, tudai pamoja kwamba kinga ya ugonjwa na uzee imfuate mtu popote anapotokea jasho.

Siku 21 za likizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilidaiwa na watu walioambiwa kwamba wanaota. Nasi tudai, kwa maana hakuna ajuaye ni zamu ya nani kesho kutandika gunia chini.

Wenu katika umoja,
Mjumbe wa Tawi